Kisanduku Nyuma ya Jiko

2 Agosti 1995

Bwana Mchoraji,

Salamu naziruka. Wewe mwenyewe uliwahi kuniandikia kwamba salamu zinakula karatasi, na karatasi ya huko bila shaka ina thamani kuliko watu wa huku.

Pale palipokuwa mtaa wetu, pori tupu tangu tulipohamishwa kwa nguvu, sasa itapita barabara. Wahandisi wameshachora mstari wao. Kabla hawajaleta magreda kuna baraza la kuwasikiliza waliokuwa wakiishi pale, tarehe 24 Novemba, ukumbi wa halmashauri. Anayedai kwamba mahali fulani pana kitu, alete mchoro wa vipimo, wa wino, skeli ile ile ya wahandisi, kwenye karatasi angavu, ili uwekwe juu ya mchoro wao waone vinagongana wapi. Maneno ya mdomo hawayataki. Mchoro uliofutwafutwa hawaupokei.

Vipimo vya mtaa mzima unavyo wewe. Ulivipima ukiwa kijana wa ofisi ya ramani, ukaondoka navyo kwenye sanduku, sisi ukatuachia mtaa. Wifi aliniambia umeshaviingiza kwenye kompyuta. Vitie kwenye disketi unitumie.

Kuchora nitachora mwenyewe. Cheka, nakusubiri. Ofisi ile ile ya ramani ilipofungwa walitupa nje plota yao, ile mashine ndefu kama meza ya kupigia pasi, inayoshika kalamu na kuchora yenyewe. Nikaichukua kwa ajili ya karakana yangu ya sare za shule. Inanichorea mikono, kola na sketi kwenye karatasi kubwa, wasichana wanakata. Kompyuta yake ya zamani imekufa mwezi uliopita. Nimepata nyingine, mpya kidogo, lakini matundu hayalingani: plota ina pini ishirini na tano, kompyuta ina tisa. Nieleze waya upi uende wapi. Kwa maneno machache kama unaweza. Sijawahi kukuona ukiweza.

Jambo la mwisho. Nyuma ya jiko la mama, kati ya ukuta wa jiko na bomba la maji, niongezee kisanduku. Vipimo vyake nimeandika nyuma ya karatasi hii. Nilipima mwenyewe kwa tepu ya ushonaji, na ile tepu bado ninayo.

Dada yako,
fundi cherehani


15 Agosti 1995

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, imejaa amri kama tangazo la kukata maji.

Mashine kama hiyo nimefanya nayo kazi mpaka nilipostaafu. Imechora madaraja, mabwawa na viwanja vya ndege. Sasa nasikia kuna moja inachora kola. Ningekuwa mimi ndiyo hiyo plota, ningekufa siku moja na kompyuta yangu.

Kebo ni kitu rahisi, hata kwako. Pini zina namba, zimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, vaa miwani. Kutoka kompyuta kwenda plota: ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, ya tano kwa ya saba. Basi. Kisha, upande wa kompyuta, ifunge ya saba pamoja na ya nane, na ya nne pamoja na ya sita. Kwa kawaida kompyuta huiuliza plota kama iko tayari kabla ya kuipa kazi. Ukizifunga hivyo inajijibu yenyewe kwamba tayari, na kazi inaendelea. Ofisini tulifanya hivyo kila siku. Ni kebo ya watu wanaojua wanachofanya, nakuazima.

Hayo mengine siyaelewi. Miaka yote hukutaka mtaa ule utajwe mbele yako. Nilipokuandikia kuuliza jina la mwenye duka la mafuta ya taa ulinijibu kwamba umesahau. Leo barabara inakuja na fidia nyuma yake, umekumbuka mpaka kuta.

Na kisanduku hicho ni nini? Nilipokuwa nafundishwa kazi, kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kwamba kitu kisicho na jina hakikai kwenye ramani. Ukichora, taja. Kama hujui ni nini, inua kalamu. Niambie ni choo, ni tangi, ni stoo ya mkaa, nitakiandika. Bila jina sikichori.

Kaka yako,
Mchoraji Mwandamizi (mstaafu)


27 Agosti 1995

Bwana Mchoraji,

Kebo ipo. Amenilehemea fundi redio wa mlango wa pili. Alisoma maelekezo yako mara mbili akasema, "Mama, huyu aliyeandika ama hajawahi kukosea, ama hajawahi kuambiwa." Nikamwambia ni la pili.

Nimeijaribu kwa sketi. Plota imeamka, imechagua kalamu, imechora sketi ya mtoto wa darasa la tatu bila kusita, na marinda yake yote. Kwa hiyo usiniletee maneno tena kuhusu mashine yangu.

Tuma disketi. Kisanduku kichore tu. Jina lake ungelitaka, ungeuliza zamani.

Dada yako


27 Agosti 1995

Wifi yangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Wasichana wa karakana wanakusalimu.

Leo nimemwandikia mumeo barua ya maneno makali. Wewe nakuandikia ya kweli, kwa sababu lazima mtu mmoja huko ajue, nisije nikapatwa na jambo kabla ya baraza.

Kisanduku anachoulizia ni kaburi la mama.

Siku zile za kubomoa mtaa, mama alikataa kutoka. Akaugua akiwa humo ndani, akafa humo humo. Makaburi ya mjini, alikolala baba, hatukuweza kumfikisha. Njia ilikuwa imezibwa na mashine na askari. Tukamzika uani, nyuma ya jiko, mimi na majirani waliokuwa hawajapakiwa kwenye malori. Kesho yake tukapakiwa na sisi. Tingatinga likapita, alama tuliyoweka ikaenda na kuta. Sasa mtaro wa barabara yao unapita juu yake. Nimeuona kwa macho yangu kwenye mchoro wao, umebandikwa ubaoni, mstari wa buluu.

Mumeo alikuwa ameshaondoka. Mjomba akampelekea telegramu: mama amefariki, amezikwa. Unajua alijibu nini? Aliuliza kama ubao wake wa kuchorea uko salama. Ubao, wifi! Tangu siku hiyo namsubiri aulize mama yuko wapi. Aulize mara moja tu, nitamjibu papo hapo. Lakini kumpelekea kaburi la mama mtu ambaye hakulitafuta, kama ninamtembezea bidhaa, siwezi. Ramani nitaitoa kwake, hata kwa matusi. Hilo swali alitoe mwenyewe.

Nifungie mdomo. Na barua hii ichome.

Wifi yako


13 Septemba 1995

Wifi,

Barua nimeichoma, na ncha ya kidole pamoja nayo.

Mdomo nitafunga. Nimekaa kwenye ofisi ya simu maisha yangu yote nikiunganisha watu, nikisikia waume wakidanganya na wake wakijifanya wamedanganyika, sijatoa neno. Lakini nakuambia ukweli: mnanichosha. Mlipewa kichwa kimoja kigumu mkagawana, na kila mmoja anadhani amepata nusu kubwa.

Nikueleze ya huku, maana yeye hatakuambia. Mikono inamtetemeka sasa. Kikombe anakishika kwa viganja viwili. Mstari wa rula hawezi tena, ndiyo maana habanduki kwenye kompyuta. Humo mistari bado inamtii. Kila siku akishakunywa chai anaufungua mtaa wenu na kuongeza kitu: ngazi, mti wa mpera, kamba ya kuanikia nguo. Juzi ameniuliza mimi, ambaye sijakanyaga huko hata siku moja, kama mlango wa duka la mafuta ya taa ulifungukia ndani au nje. Nikamwambia nje, ili aje tule.

Kisanduku chako kimemsumbua siku kadhaa. Anapima, anarudi nyuma, anatazama. Leo asubuhi akapiga meza: "Nimekumbuka! Najua ni nini." Akacheka peke yake, akaandika, akaifunga disketi kwenye bahasha. Sikuuliza ameandika nini, kwa sababu nilikuahidi. Ahadi zenu hizi zitaniua.

Ukiwa na haraka, faksi ya ofisini kwangu bado wananiruhusu kuitumia. Namba iko chini.

Wifi yako


13 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Disketi hii hapa. Usiiweke karibu na ile sumaku yako ya kuokotea sindano. Najua unayo, na najua ungeiweka.

Faili ni moja. Kompyuta yako haihitaji kuelewa chochote. Inasoma yaliyoandikwa na kuyapeleka kwa plota neno kwa neno, bila ubishi. Ungekuwa na tabia kama yake tungekuwa tumemaliza mwezi uliopita.

Mtaa wote umo: nyumba, mifereji, uzio wa shule, vibaraza. Kila kitu kina jina lake. Kisanduku chako nimekiweka mwisho kabisa wa faili, kwa hiyo kitachorwa mwisho. Hukutaka kuniambia ni nini; nimekumbuka mwenyewe. Unasahau kwamba na mimi nililelewa katika ua ule. Hakuna kitu cha nyumbani kwetu unachoweza kunificha.

Weka kalamu mpya. Usiguse karatasi ikiwa inatembea.

Kaka yako


28 Septemba 1995

Bwana Mchoraji,

Ramani yako ni mbovu.

Nilisimamisha kazi. Nikaweka karatasi angavu, kalamu mpya, nikaamuru watu wasitembee karibu na meza. Ikaanza vizuri, hilo sikunyimi. Ukuta wa kinyozi ukatokea. Ngazi za yule mama aliyekuwa akigombana na jua. Nilikuwa nimezisahau zile ngazi. Wasichana walinyoosha shingo, na hao hawainui macho hata mgeni akibisha hodi.

Kisha ilipofika kuandika jina la duka la mafuta ya taa, kalamu ikafika katikati ya neno, ikaruka. Fyuu! Kona hadi kona, mstari mmoja mweusi juu ya mtaa mzima, halafu ikaanza kupandisha herufi juu ya herufi kama mlevi anayetia sahihi. Nilichomoa umeme.

Sketi inachora. Mikono ya shati inachora. Ya kwako ndiyo haichori. Kosa liko wapi, mwenye akili?

Mama alikuita Rula kwa sababu hujui kupinda. Basi njoo uone mstari wako ulivyopinda.

Dada yako


9 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Faili hiyo nimeichora huku kwenye mashine ya ofisi yangu ya zamani, mara mbili, mbele ya mashahidi. Imetoka safi kama sahani ya mgeni. Kwa hiyo ramani si mbovu. Tunabaki na wewe.

Umeme wenu unacheza. Karatasi yako imekunywa unyevu. Fundi redio wako amelehemu kwa kuotea. Nyuzi za vitambaa zimeingia kwenye reli ya kalamu, na hilo ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu mashine ya kuchorea madaraja haikuumbwa kukaa na pamba. Safisha reli. Kaza kebo. Badilisha kalamu tena. Kisha, ukishafanya yote hayo, muombe mtu mwingine abonyeze, usibonyeze wewe.

Kaka yako


19 Oktoba 1995

Bwana Mchoraji,

Nimesafisha reli kwa brashi ya meno. Nimekaza kebo. Nimebadilisha kalamu. Fundi redio amepima waya zote kwa mita yake mbele yangu, zote nzima. Kabonyeza yeye. Mtaa umepasuliwa tena.

Nikarudia mara ya tatu ili nisiseme uongo. Nisikilize kwa makini, kama unaweza kusikiliza kitu kisichosifu kazi yako. Haiharibiki mahali pamoja. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye duka la mafuta ya taa, mara ya pili kwenye kisima, mara ya tatu kwenye uzio wa shule. Lakini kila mara ilikuwa inafanya kazi ya polepole: herufi, au duara, au ule uzio wako wa vijistari vidogo vidogo. Kwenye kuta ndefu inakwenda mbio na haina tatizo. Ikipunguza mwendo, dakika chache baadaye inapata wazimu.

Karatasi angavu nimebakiwa na mbili. Mwenye duka anasema nyingine zitaingia mwaka mpya. Baraza ni mwezi ujao. Nikifika pale mikono mitupu, watapitisha mtaro wao na kunishukuru kwa kufika.

Sikuombi kwa upole kwa sababu hujazoea. Fikiri.

Dada yako


30 Oktoba 1995

Mdogo wangu,

Kwa mara ya kwanza umeandika kitu chenye maana.

Plota ina tumbo dogo. Inapokea maneno ya kompyuta, inayaweka tumboni, inayachora moja moja. Kuta ndefu inazichora upesi, tumbo linabaki na nafasi. Herufi na duara zinaichelewesha, tumbo linajaa. Likijaa, inapaswa kuiambia kompyuta: ngoja. Na kompyuta yako haiwezi kusikia neno hilo, kwa sababu kebo imefungwa ijijibu yenyewe kwamba tayari, tayari, tayari. Inaendelea kumwaga maneno. Yanayozidi yanapotea, na plota inaunganisha nusu ya neno hili na nusu ya lile. Sketi yako ni fupi, inaingia tumboni yote. Mashine ya ofisini kwangu ina tumbo kubwa, haikuwahi kushiba.

Vikate vile viunganishi viwili upande wa kompyuta. Leta waya mmoja kutoka pini ya ishirini ya plota, uuingize pini ya sita na ya nane za kompyuta, zote mbili. Sasa plota ikisema ngoja, itangojewa.

Mke wangu amesoma barua hii juu ya bega langu akasema kompyuta hiyo anaijua, amelala nayo nyumba moja miaka yote. Sikuelewa anacheka nini.

Kaka yako


10 Novemba 1995, kwa faksi

Bwana Mchoraji,

Waya umewekwa. Barua yako nzima nimetafuta neno "nilikosea", hata kwa miwani sikuliona. Haidhuru.

Imechora. Mtaa wote, mwanzo hadi mwisho. Ikifika kwenye herufi inasimama, inangoja, inaendelea. Nilikaa kwenye stuli nikaufuata mkono wa mashine nyumba kwa nyumba. Ikamaliza shule, ikamaliza bomba, ikarudi nyuma ya jiko la mama. Ikachora kisanduku, taratibu, pande zote nne, mahali pake kabisa. Kisha ikainua kalamu, ikaishusha ndani yake, ikaandika kwa wino wako mzuri: BANDA LA KUKU.

Wasichana walicheka. Hawajui.

Humo ndimo tulimomzika mama. Njia ya makaburi ya mjini ilikuwa imefungwa. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza. Uliuliza ubao.

Karatasi imebaki moja, na maneno hayo siwezi kuyafuta kwa wembe, baraza halitaipokea. Disketi nyingine haitafika kabla ya tarehe 24.

Umeniambia hakuna kitu cha nyumbani kwetu ninachoweza kukuficha. Haya.

Dada yako


11 Novemba 1995, kwa faksi

Wifi,

Faksi yako ilianguka mikononi mwangu, nikampelekea. Aliisoma amesimama. Kisha akaenda kukaa mbele ya kompyuta, hakuiwasha. Chai imepoa, nimeimwaga, nimemwekea nyingine, nayo imepoa.

Usimwandikie kitu mpaka aandike yeye. Msinijaribu, nyote wawili.

Wifi yako


13 Novemba 1995, kwa faksi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazi zinaendeleaje? Wasichana wa karakana hawajambo? Uniwie radhi kama nimekosea utaratibu wa salamu, sijaufanya siku nyingi.

Mama nilidhani najua alipo. Ndani ya kompyuta hii nina pia ramani ya makaburi ya mjini. Nilimchora humo, kando ya baba, upande wa ukuta, nikaliandika jina lake. Nimekuwa nikiifungua ramani hiyo kila ikirudi tarehe ya telegramu. Mtu haulizi anachodhani anakijua. Ubao sikujua ulipo, ndiyo maana niliuliza ubao.

Pale nyuma ya jiko mimi niliacha kuku. Banda lilikuwa pale siku niliyofunga sanduku. Jogoo mwekundu alinifuata mpaka mlangoni. Ulipokataa kutaja jina, nilipima, nikaona ni pale pale, nikafurahi kwamba nimekumbuka. Huku, kichwani mwangu, banda limesimama mpaka leo.

Sasa kazi. Faili si picha, ni maandishi, na unaweza kuyabadilisha mwenyewe. Ifungue kama unavyofungua barua kwenye kompyuta. Nenda chini kabisa. Katikati ya namba utayaona maneno yale. Yafute, uandike yako. Usizidishe herufi, kisanduku ni kidogo. Mara tu baada ya maneno, kioo cha kompyuta kitakuonyesha alama ndogo yenye umbo la moyo. Usianze kuitafutia maana. Ni alama ya kuiambia plota kwamba maneno yamekwisha. Ukiifuta, mashine itadhani bado unasema, na yote yatakayofuata itayaandika juu ya mtaa kama maneno. Iache mahali pake.

Ningeweza kukuambia cha kuandika. Nimekaa hapa siku mbili nikijaribu. Andika wewe. Wewe ulikuwepo.

Nami nauliza, na najua nimechelewa: nani alichimba? Alilala ameelekea wapi? Alifunikwa na nini?

Rula


26 Novemba 1995

Kaka yangu Rula,

Sijambo. Wasichana hawajambo. Magoti ya wifi je? Na mikono yako? Usimuulize mtu nimejuaje.

Faili niliifungua siku ile ile. Namba tupu kama mchele uliomwagika, na chini kabisa banda lako, na moyo wake pembeni. Nikafuta banda. Nikaitazama ile nafasi kama ninavyotazama kitambaa cha harusi ya mtu kabla ya kutia mkasi. Nikaandika. Moyo sikuugusa, ulivyoagiza. Nikaweka karatasi ya mwisho, nikatoka nje mpaka ilipomaliza, maana kukaa nisingeweza.

Barazani kulikuwa na mhandisi mmoja kijana mwenye tai nyembamba. Akaikunjua karatasi yetu akauliza, "Mama, hii umechoresha ofisi gani?" Nikamwambia, karakana ya sare, zamu ya baada ya kola. Wakacheka, hata mwandishi wa mkutano. Nikawaacha wacheke. Wakaiweka juu ya ya kwao. Kona ya ukuta wa shule, ule peke yake uliobaki umesimama porini, ikakaa juu ya kona yao sawasawa, kama mshono juu ya mshono. Yule wa tai akaisogeza kidogo ili aone kama imebahatisha. Ikarudi pale pale. Akaacha kucheka.

Mwenyekiti akafuata mtaro kwa kidole, polepole, mpaka kwenye kisanduku. Akasoma kwa sauti. Akauliza, "Mama wa nani?" Nikasema, wa aliyechora.

Wamesogeza mtaro upande wa pili wa bomba. Yule kijana alitoa penseli akauchora pale pale. Juu ya karatasi yetu, Rula! Penseli juu ya wino wako! Nilimwangalia tu. Wewe ungemvunja vidole.

Umeuliza. Alichimba kinyozi, kwa sepetu ya kuazima, na mwenye duka la mafuta ya taa akampokea. Mlango wa duka lake ulifungukia ndani, wifi alikudanganya. Mama alilazwa kichwa upande wa jiko, kwa sababu upande wa bomba ulikuwa na mawe. Alifunikwa na kitambaa cha buluu nilichokuwa nimekata cha gauni langu, bado na chaki juu yake. Na banda tulilibomoa kwa mikono ili tupate nafasi, mbao zake tukazilaza juu yake kabla ya udongo. Kwa hiyo hukukosea sana. Hilo lisome mara moja uridhike, sitalirudia.

Mwezi wa Machi watazungusha uzio mdogo, na wanataka mtoto wa kwanza awepo kuwaonyesha mpaka. Nimewaambia anakuja, na kwamba ni mtu wa kero, atapima upya kila kitu. Wakasema hawana neno. Hawakujui.

Niliandika MAMA YUPO HAPA. Uliniambia nisizidishe herufi, nimezidisha moja. Ile ya mwisho imevuka mstari, imetoka nje ya kisanduku kabisa, kila mtu barazani aliiona. Ukija, usiguse.

Dada yako,
fundi wa kola